Namba 34 Haikuwa ya Mtu Mmoja

Sipingi mchezaji kuenziwa. Ninachopinga ni kuifungia namba yake ili asiivae mwingine.

Machi 2019, Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, kilistaafisha namba 34 kwa heshima ya Ray Allen, aliyeichezea timu yake ya mpira wa kikapu kuanzia 1993 hadi 1996. Ilikuwa namba ya kwanza kustaafishwa katika timu ya wanaume ya chuo hicho. Allen aliistahili heshima. Kwa hilo sina ubishi.

Lakini sisi Watanzania tunaijua 34 nyingine ya chuo hichohicho. Kati ya 2006 na 2009 ilivaliwa na Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa sentimita 221, aliyekuwa ukuta mbele ya kikapu. Mwaka 2009 timu ilifika nusu fainali ya taifa, naye akagawana na DeJuan Blair tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Big East. Mwaka huohuo akachaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza huko.

Sasa fikiria: chuo kingeifungia namba hiyo siku Allen alipoondoka, Thabeet angepewa nyingine. Allen asingeongezeka chochote, na 34 ingekosa nusu ya hadithi yake.

Watetezi wa desturi hii husema namba ikiachwa wazi itaangukia kwa mchezaji dhaifu, ishuke thamani. Huo ni woga. Kwetu babu akifa, jina lake hatulifungii kabatini; anapewa mjukuu. Mjukuu akiharibikiwa, babu hapungui. Akiwa mtu wa maana, babu anatajwa tena.

Tena chuo si mahali pa kumiliki. Mwanafunzi hucheza misimu michache, kwa kawaida isiyozidi minne, kisha humwachia mwingine kitanda, dawati na nafasi uwanjani. Kwa nini namba pekee iwe mali ya milele? Na namba zenyewe zilikuwa chache. Hadi 2023 kanuni za vyuo zilikataza tarakimu 6 hadi 9, kwa sababu mwamuzi huonyesha kwa vidole namba ya aliyefanya madhambi. Zilibaki namba 37 tu za kuchagua, na kila iliyostaafishwa iliwapunguzia waliofuata.

Njia nyingine ipo, na inatumika. Kansas wameitundika jezi ya Wilt Chamberlain, lakini namba yake, 13, bado inavaliwa. North Carolina wameifunga 23 ya Michael Jordan, ila 15 ya Vince Carter wameitundika na kuiacha huru. Nani anadhani Chamberlain au Carter amevunjiwa heshima?

Basi tundikeni jezi, andikeni majina kwa herufi kubwa, waiteni wazee siku ya sherehe tuwapigie makofi. Namba iacheni. Siku kijana mwingine kutoka kwetu atakapofika Connecticut na kuomba 34, asiambiwe kwamba ina mwenyewe. Aambiwe: aliivaa Allen, akaivaa Thabeet, sasa ni zamu yako.