Klasta Tatu, Njia Moja: Acheni Kutudanganya

Wasee, leo tuongee ukweli. Kila wiki naona developa wa Nairobi ameposti mchoro wake: klasta tatu za Kubernetes, Nairobi, Johannesburg na Cape Town, mishale kila upande, halafu chini ameandika "haizimiki". Haizimiki kwa nani? Huku Rhamu tunajua vizuri sana kitu kuzimika.

Kwa wale wageni: klasta ni kundi la seva zinazoendesha kontena za apu yako. Watu huweka klasta zaidi ya moja ili moja ikilala, nyingine iendelee. Wazo ni poa. Shida ni kwamba klasta huongea kupitia njia, na hiyo njia hamuichori. Mnachora tu mshale.

Kumbuka Jumapili, Mei 12, 2024. Kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika siku hiyo hiyo, upande wa Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ya Kenya ikaanza kutambaa. Sasa mfikirie mwenye klasta kuu Nairobi na ya akiba Johannesburg. Ile ya Johannesburg ilikuwa nzima kabisa, seva zinawaka. Kilichokatika ni njia ya moja kwa moja ya kuifikia. Kebo mbili zikipita sehemu moja, hesabu moja.

Sisi wa kaskazini mashariki tulifundishwa hilo na barabara. Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara ya Garissa pale Mororo. Malori yalikuwepo, madereva walikuwepo, mizigo ilikuwepo. Ukiwa na malori kumi na barabara moja, bado una barabara moja.

Kuna mtu ataniambia, "Bro, sisi tunatumia Istio," ama Cilium. Sawa, ni vyombo vizuri. Vinafanya klasta zijuane, vinalinda mazungumzo yao, vinahamisha wateja upande mmoja ukianguka. Lakini programu haichimbi mtaro wala haiungi kebo iliyokatika.

Na wengine wenu hata hamngoji bahari iwaangushe. Mmesambaza kila kitu, isipokuwa kuingia kwenye akaunti. Hiyo kazi mmeiachia klasta moja tu, ya mbali. Njia ikikatika, klasta ya karibu iko hai lakini hakuna mtu anaweza kuingia. Hiyo si akiba, ni duka lililojaa bidhaa na ufunguo uko Cape Town.

Nani analipa? Si wewe uliye Kilimani na faiba mbili. Ni mdogo wangu, siku ya mwisho ya kuomba basari. Ukurasa ulifunguka, kwa hivyo busta yetu ilikuwa inafanya kazi. Kilichogoma ni kuingia. Ikazunguka, ikazunguka, mpaka saa sita usiku. Kesho yake tukaambiwa tumechelewa. Walahi, hatukuchelewa.

Mtasema gharama. Najua klasta ya pili si bure. Lakini hata seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani mpaka 2015, zikaletwa Kenya. Pesa ya mama mboga haikuwa na haja ya kupitia Ulaya ndiyo ifike kwa jirani yake. Fomu ya basari ina haja gani?

Kwa hivyo, kabla hujaposti mchoro mwingine: anza na klasta mbili hapa nchini, Nairobi na Mombasa, miji yote miwili ina vituo vya data. Hakikisha kila moja inaweza kuishi peke yake. Muulize anayekuuzia intaneti kebo zake zinapita wapi, na kama ile ya akiba inapita hapo hapo. Halafu chagua siku, mchana kweupe, ukate mwenyewe mawasiliano kati ya klasta zako, uone kama mtu wa Rhamu bado anaweza kuingia na kutuma fomu.

Ukiogopa kukata, jibu tayari unalo. Futa lile neno "haizimiki".