Kansa ya ovari: tumbo likijaa, si kila mara ni amiba

Mama akifika kwenye kituo cha afya akilalamika kwamba tumbo linajaa, mara nyingi hupewa kwanza dawa ya amiba, ya minyoo au ya homa ya matumbo. Magonjwa hayo ni mengi nchini Congo, kwa hiyo muuguzi hana kosa. Kosa huanza pale dawa ya pili na ya tatu zinaposhindwa, na bado hakuna anayefikiria kansa ya ovari, yaani kansa ya vile viungo viwili vinavyotoa mayai ya uzazi.

Kila mwaka, wanawake zaidi ya 300 000 duniani wanagunduliwa kuwa na ugonjwa huu, wengi wakiwa wamechelewa. Dalili zake hazishtui: tumbo kujaa, maumivu chini ya kitovu, kushiba haraka, kukojoa mara kwa mara. Zikiwa mpya na kujirudia zaidi ya mara 12 kwa mwezi, hasa kwa mama aliyepita miaka 50, zinadai uchunguzi.

Wengi huamini kwamba kipimo cha mlango wa kizazi huonyesha ovari pia. Sivyo. Nchini Uingereza wanawake zaidi ya 200 000 walifuatiliwa kwa miaka mingi, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kuwapima wasio na dalili hakukupunguza vifo. Ndiyo maana dalili zenyewe lazima zisikilizwe mapema.

Hatua zinajulikana: daktari apapase tumbo, ifanyike ekografia, kisha kipimo cha damu kiitwacho CA-125. Hicho peke yake hakitoshi, maana hupanda pia kwa kifua kikuu cha tumbo. Uhakika hutoka kwenye kipande cha nyama kilichochunguzwa kwa darubini.

Hatari huongezeka kwa umri, na katika familia zenye kansa ya ovari au ya titi. Jeni zenye kasoro, BRCA1 na BRCA2, zinaweza kurithiwa hata kwa baba. Kuzaa na kunyonyesha hupunguza hatari, lakini mama wa watoto wanane asijione amekingwa kabisa.

Mwaka 2023 serikali ilizindua uzazi bila malipo, ikianzia Kinshasa. Ni jambo jema. Lakini bibi wa miaka 60 hazai tena, na ekografia yake anailipa mwenyewe, au anaiacha. Wizara ya Afya ingeanza na mambo mawili: kuwakumbusha wauguzi dalili hizi nne, na kupunguza bei ya ekografia kwa wanawake waliokoma hedhi. Familia nazo zisingoje tumbo livimbe ndipo zitafute pesa za safari ya hospitali kubwa.