Maji safi bombani, machafu kikombeni



Sisi wakaaji wa kambi tumezoea kuuliza: je, maji ya bomba hili ni salama? Ni swali zuri. Lakini liko la pili tunalolisahau: je, yanabaki salama mpaka yafike kikombeni?

Wingi wa maji peke yake hauleti afya. Tazama Bujumbura. Maji machafu ya Zone Industrielle na ya mitaa huingia katika Ziwa Tanganyika, na Regideso huchota maji ya mji katika ziwa hilohilo, ikayasafisha. Mwezi Januari 2023 kipindupindu kilitangazwa mjini humo. Mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi waliojaa Kagunga, Tanzania, kando ya ziwa hilo, waliugua kwa maelfu. Na Goma, mwaka 1994, watu walikunywa maji ya Ziwa Kivu bila dawa, na mwamba wa volkano ulizuia kuchimba vyoo. Karibu wakimbizi 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Sasa sikiliza habari ya Malawi. Mwaka 1993, katika kambi ya Nyamithuthu, maji yalitoka kisimani yakiwa safi. Yalichafuliwa na mikono iliyoingia ndani ya ndoo. Familia zilizopewa ndoo zenye kifuniko na mdomo wa kumiminia ziliona kuhara kwa watoto wadogo kukipungua kwa karibu theluthi moja. Kisima kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni ndoo.

Wengine watasema: "Kwanza watuongezee maji." Wana haki. UNHCR yenyewe inalenga lita 20 kwa mtu kwa siku, na tusichoke kuzidai kupitia kamati zetu, kwa sababu asiye na maji hawezi kunawa. Lakini mtoto anayekunywa leo hawezi kungoja mkutano wa kesho.

Kwa hiyo, mama na baba, osha dumu kabla ya kuteka. Lifunike. Mimina maji, usichovye kikombe. Nawa kwa sabuni ukitoka chooni, na kama sabuni hakuna, tumia majivu. Usikatae maji ya klorini kwa sababu ya harufu: harufu hiyo ni alama kwamba dawa ingali inafanya kazi.

Leo jioni, chungulia ndani ya dumu lako. Je, wewe ungempa mgeni maji hayo?