Zakatul-fitri: Kila mtu na nusu yake



Ndugu wasomaji, Ramadhani inapofika ukingoni, mkuu wa familia huwa na jukumu la kuwatolea Zakatul-fitri wote walio chini ya ulezi wake, wakubwa kwa wadogo. Mtume (s.a.w.) aliifaradhisha kuwa pishi moja ya chakula kwa kila Muislamu, itolewe kabla ya watu kutoka kwenda kuswali Idi. Pishi ni vibaba vinne, nacho ni kipimo cha ujazo. Kwa mizani, wapo masheikh wanaoikadiria kuwa kilo mbili na nusu, na wapo wanaofikisha tatu.

Sisi hufuata kilo mbili na nusu, na kwenye nusu hiyo ndipo tulipoteleza mwaka jana. Tulikuwa watu saba nyumbani. Tukazidisha 2 kwa 7, tukapata 14, tukaongeza ile nusu, tukafunga mchele kilo 14½. Bibi yao watoto akatutazama, akauliza: "Wanangu, hiyo nusu ni ya nani? Na nusu za hao sita ziko wapi?"

Tulinyamaza, kisha tukaanza upya. Kila mtu ana kilo zake mbili na nusu yake. Basi huzidishwa zote mbili:

2 × 7 = 14
½ × 7 = 3½
Jumla: kilo 17½

Mwenye kutaka kuhakiki, aigeuze 2½ kuwa nusu tano. Nusu 5 mara watu 7 ni nusu 35, nazo ni kilo zilezile 17½.

Tulikuwa tumepunguza kilo tatu, zaidi ya fungu zima la mtu mmoja. Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo. Sisi hatukukusudia, lakini maskini asingeshiba kwa nia yetu.

Mwaka huu tuwaite watoto kwenye mizani, wahesabu wenyewe. Tuwaulize pia: akizaliwa mtoto kabla ya jua la mwisho la Ramadhani kuzama, tukawa wanane, itakuwaje? Nusu nane ni kilo nne. 16 na 4 ni 20 kamili. Atakayejua hesabu hiyo leo, kesho hatapunja haki ya mtu.

Wabillahi tawfiq.