Ngitili ziliokoa Shinyanga. Je, miji yetu itaokolewa na bodi za asasi?

Leo naomba tuongee kitu kimoja ambacho vijana wengi tunakipita tu kama hakituhusu: hizi asasi za kusaidia miji kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Semina utaziona, fulana utaziona. Swali langu ni dogo: nani anaziongoza, na anamjibu nani?

Nauliza kwa sababu mambo haya yana mazishi ndani yake. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe na upepo mkali vilipiga kijiji cha Mwakata, Kahama. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wao wameangukiwa na nyumba za tope. Nyumba za aina hiyohiyo ndizo zinazoota kila siku pembezoni mwa Kahama na Geita, kwa sababu dhahabu inavuta watu haraka kuliko upimaji wa viwanja. Tope, mabati mepesi, mtaro hakuna. Halafu tunashangaa?

Sasa basi, kabla hatujakimbilia wataalamu wa nje, tuangalie kilichowahi kufanyika hapahapa kwetu. Shinyanga ya miaka ya 1980 ilikuwa inakaribia kuitwa jangwa. Misitu ilifyekwa tangu enzi za mkoloni ili kuua mbung'o, ikaja pamba, ng'ombe wakaongezeka, na operesheni vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ambao ulidumu mpaka 2004.

Wale jamaa walianza kwa kupanda miti ya kitalu. Mafanikio makubwa yakaja walipowasikiliza wazee na kurudi kwenye ngitili, yaani lile eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa masika ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Ukilifunga eneo, visiki vinachipua vyenyewe. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, kwenye vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, kabla Simiyu na Geita hazijawa mikoa mwaka 2012.

Nani aliongoza? Serikali ilitoa wataalamu, wafadhili wakatoa fedha. Lakini mlinzi wa ngitili alikuwa dagashida, ule mkutano wa jadi wa wanakijiji unaopanga sheria, na sungusungu waliohakikisha aliyeingiza ng'ombe au shoka analipa faini. Kiongozi aliyepitisha ile sheria unakutana naye kesho kisimani. Akipendelea shemeji yake, kijiji kizima kinajua. Na faida ilionekana kwa macho: nyasi, kuni, fito, asali, dawa.

Tusiipambe sana, maana ilikuwa na kasoro zake. Dagashida kwa desturi ni kikao cha wanaume, na mwenye ng'ombe wengi alipata ngitili kubwa kuliko mjane asiye na hata mbuzi. Kwa hiyo hata kule swali la nani yuko kikaoni lilikuwepo.

Sasa njoo mjini. Mjini huwezi kufunga ngitili. Nusu ya mtaa ni wapangaji, mwezi ujao wamehamia machimbo mengine. Mkaa unapikiwa mjini, mti unakatwa kijijini. Matimba ya kuzuia maduara yasiporomoke yanatoka msitu gani, hakuna anayeuliza. Maji nayo: tangu 2009 Shinyanga na Kahama zinapata maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, kule Misungwi. Ni ukombozi mkubwa, nani atabisha? Lakini bomba halizuii mafuriko wala halijengi mtaro.

Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo asasi nyingi zinapopotea. Bodi inajaa watu wanaojua kuandika andiko la mradi, na siwadharau, kazi hiyo ni ngumu. Ila mama lishe ambaye jiko lake linazimwa na maji kila masika hayumo. Mchimbaji mdogo hayumo. Bodaboda anayejua kila daraja bovu hayumo. Bodi ya namna hiyo inamjibu mfadhili, kwa sababu mfadhili ndiye pekee anayeiuliza.

Dar walijaribu njia nyingine. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo waliingia mitaa kama Tandale kuchora ramani ya barabara, mitaro na nyumba, na wakazi wakawaonyesha maji yanafika wapi. Baadaye mpaka mipaka ya mashina ilichorwa kwa kutembea na wajumbe. Kutokana na kazi ile ikazaliwa asasi inayoitwa OpenMap Development Tanzania. Ramani zenyewe ziko OpenStreetMap, na mtu yeyote anaweza kuzihariri bure, hata kwenye kompyuta ya hapo kafe ulipokaa. Kijana wa Katoro au Kakola anashindwa nini?

Na fedha zipo, tusidanganyane. Sheria ya madini ilirekebishwa 2017, na sasa mwenye mgodi lazima kila mwaka aandae mpango wa kuisaidia jamii na kukubaliana na halmashauri. Mpango unapitia halmashauri, na halmashauri ina madiwani, na diwani anakuja kuomba kura kwako. Muulize: mtaro wa mtaa wetu umo kwenye mpango wa mwaka huu?

Kwa upande wa asasi, Sheria ya NGO ya 2002 inazitaka kila mwaka zitoe ripoti ya kazi pamoja na hesabu zilizokaguliwa, na umma uweze kuziona. Nendeni watatu wanne, kwa heshima, muombe kusoma. Mkipewa, hongera zao, hiyo asasi muisaidie. Mkizungushwa, mmeshapata jibu.

Mimi naamini kila asasi ya aina hii mjini iwe na kikao cha wazi cha mtaa walau mara mbili kwa mwaka, masika yakikaribia na yakiisha, bodi ikae mbele ijibu. Wapangaji waingie, wanawake waingie, na kasoro ya dagashida ya zamani tuiache huko huko.

Wadau wa Geita, Kahama, Shinyanga mjini, kwenu hali ikoje? Nani amewahi kuiona hiyo ripoti? Mwageni hapo chini, tujadili bila matusi.