Kazan Isiyoonekana Kutoka Ngomeni

Msafiri afikaye Kazan, mji wa Watatari nchini Urusi, akaiona ngome yake nyeupe imekaa juu ya kilima pale mto Kazanka unapoingia katika Volga, hana budi kustaajabu. Kwani ndani ya ukuta mmoja yamesimama kanisa kuu la Kupashwa Habari, lililojengwa baada ya Ivan wa Nne, mfalme wa Urusi, kuuteka mji mwaka 1552, na msikiti wa Kul Sharif, wenye kuba ya samawati, ulioitwa kwa jina la imamu aliyekufa akiutetea mji katika vita vile vile.

Msikiti huo ulifunguliwa mwaka 2005. Ni mzuri, wala siutii kasoro. Ila mgeni huuzuru katikati ya makundi ya watazamaji, akatoka amekwisha ona marumaru na taa.

Karibu yake pana mnara wa Söyembikä, ulioinama kiasi cha mita 2, ambao wageni husimuliwa kwamba malkia huyo wa Kitatari alimtaka Ivan aujenge kwa siku saba ndipo aikubali posa yake, na ulipokwisha akapanda juu akajitupa. Tarikhi haiafikiani na hadithi hiyo, maana malkia alichukuliwa Moscow mwaka 1551, kabla mji haujaanguka. Walakini naiheshimu, kwa kuwa imebeba huzuni ya kaumu iliyonyang'anywa dola yake.

Hapo ndipo waongozao wageni huwarudisha hotelini, na hapo ndipo ninapowalaumu. Kando ya ziwa Kaban, katika mtaa wa kale wa Watatari, upo msikiti wa Marjani, uliojengwa kati ya 1766 na 1770 kwa idhini ya Malkia Catherine wa Pili, mnara wake ukichomoza katikati ya paa, nao haukuacha kusaliwa hata katika zama za Wasovieti, misikiti mingi ilipofungwa. Nilipotoa salamu mlangoni, mzee mmoja mwenye kofia aliniitikia kwa maneno yale yale niliyofundishwa chuoni nikiwa mtoto, akanisogezea nafasi safuni. Nami, niliyekuwa mgeni tangu uwanja wa ndege, nikaacha kuwa mgeni.

Ewe ndugu uendaye Kazan, anzia Marjani, usali, ukae na watu. Ngome uizuru baadaye.