Njia Hii Ina Wenyewe

Mwaka 2006 Tanzania iliingiza katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO njia kuu ya misafara, itokayo ufukoni mwa bahari, Bagamoyo, hadi ufukoni mwa ziwa, Ujiji: yapata kilomita 1,200 za kutembea kwa miguu. Humo imeitwa njia ya watumwa na pembe za ndovu. Napinga jina hilo, si kwa sababu utumwa haukuwapo. Ulikuwapo, na minyororo yake haina mtetezi. Nalipinga kwa sababu limemfuta mpagazi.

Wengi waliobeba mizigo katika njia hii walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi. Kila mmoja alichukua takriban frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, kwa miezi mitatu au zaidi. Walipatana ujira kabla ya safari; wakipunjwa chakula, waligoma au walitua mizigo wakaenda zao. Historia ya mfanyakazi wa nchi hii ianzie wapi, kama si hapo?

Anayetaka ushahidi aisikilize lugha yetu. Posho, neno linalopendwa mno maofisini, ilikuwa chakula cha mpagazi cha kila siku. Hongo ilikuwa ushuru waliotoza watemi wa Ugogo, hadharani, kwa ajili ya maji na ruhusa ya kupita. Hongo ya leo hupenyezwa kwa siri, wala haimpatii raia hata kata moja ya maji.

Wageni husimuliwa kwamba Bagamoyo ni kilio cha mtumwa aliyekata tamaa. Ipo simulizi nyingine: mpagazi amefika pwani, ametua mzigo, amebwaga moyo, anapumzika. Hiyo husemwa kwa nadra, labda kwa kuwa haimlizi mtalii.

Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Jiwe la kaburi lake huko Westminster linasifu mikono iliyomleta, lakini halitaji jina la hata mmoja wao. Waingereza walisahau majina. Sisi tumesahau hata mikono.

Basi wizara ilirekebishe jina hilo, na mpagazi atajwe ndani yake. Nanyi wanafunzi wa historia, nendeni Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara mkayaandike masimulizi ya wazee kabla hayajazikwa nao.